Maswali ya Wasomaji: Maji Katika Darasa la Awali

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka Tanga mjini na katika wilaya za jirani, na karibu zote zinahusu namna ya kuwafundisha watoto wa chekechea na wa darasa la awali kwa kutumia maji. Tumechagua sita. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa ombi lao wenyewe.

Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha darasa la awali katika shule moja ya msingi hapa Makorora. Nina watoto zaidi ya 60 na ninafundisha peke yangu. Azimio langu la kazi linaonyesha kwamba wiki ijayo tuna mada ya maji, na hadi sasa nilichonacho ni picha moja ya bomba na wimbo wa kunawa mikono. Shule ina bomba moja na ndoo mbili, na fedha ya kununua zana haipo. Nianzie wapi ili mada hii isiishie kwa watoto kuitikia kwamba maji ni uhai?
*Mwalimu wa awali, Makorora, Tanga*

Marahaba, mwalimu. Umefanya vema kutilia shaka lile itikio. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuimba kwamba maji ni uhai mwaka mzima bila kujua kwa nini kifuu kinaelea au dimbwi la uwanjani limekwenda wapi baada ya jua kutoka. Ushauri wangu wa kwanza, ambao ndio msingi wa yote nitakayosema, ni kwamba kabla ya kutafuta zana utafute swali. Andika katika andalio lako swali moja kwa kila siku, liwe swali ambalo mtoto anaweza kulijibu kwa mikono yake mwenyewe, kisha uulize ni chombo gani kitakachomsaidia kulijibu. Utakuta zana unazo tele, kwa kuwa wiki moja ya mada ya maji haihitaji kitu chochote cha dukani.

Kuhusu wingi wa watoto, wewe na mimi tunajua kwamba kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na tunajua pia hali ilivyo. Usijaribu kuwaweka watoto 60 kwenye maji kwa wakati mmoja. Mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania unataka darasa liwe na kona za kujifunzia, na hapa ndipo kona zinapokuokoa: wakati kundi moja la watoto kumi na wawili liko kwenye kona ya maji chini ya mwembe, wengine wawe wanachora, wanajenga kwa vibao na makopo, au wanasikiliza hadithi kwa mzazi mmoja uliyemwomba aje kwa saa moja. Kona ya maji ndiyo utakayoisimamia wewe mwenyewe, wala usimwachie mtu mwingine. Watoto sita kwa beseni moja wanatosha, na lita kumi za maji, yaani nusu ya ndoo kubwa, zinajaza mabeseni mawili kwa kiasi cha kutosha kabisa. Makundi yote yatumie maji yale yale hadi mwisho wa kipindi, kisha watoto wenyewe wakayamwagie miche ya bustani kwa makopo yaliyotobolewa. Mtoto ambaye nyumbani kwao maji hununuliwa kwa dumu anaona mara moja kwamba mwalimu hakuyachezea.

Sasa zana. Waombe watoto waje na vifuu, makopo, chupa tupu za plastiki, vizibo, vipande vya kamba ya katani, makumbi ya nazi, kokoto na makombe ya pwani. Vunja mabua ya majani ya mpapai, ambayo ndani yana uwazi, nawe utakuwa na mirija ya kupitishia maji bila kulipa senti. Kata ya nazi ya kuchotea maji, ambayo bado ipo katika nyumba nyingi za Tanga, ni kipimo kizuri cha darasani: kata ngapi zitajaza kopo hili? Kata ngapi zitajaza jagi?

Siku ambayo ningependa uitengee muda mrefu kuliko nyingine ni ile ya kuelea na kuzama. Panga vitu vyako kwenye sinia kando ya beseni. Kila mtoto achague kimoja, akishike, akipime uzito kwa kiganja, kisha aseme kabla ya kukitia majini: kitaelea au kitazama? Hatua hiyo ya kukisia ndiyo somo lenyewe. Mtoto anayetia kitu majini bila kukisia anacheza tu, na mchezo una thamani yake, lakini aliyekisia amejifunga na neno lake na sasa anatazama kwa macho yote mawili. Chora ubaoni duara mbili, moja ya vinavyoelea na moja ya vinavyozama, na kila kitu kikishajaribiwa mtoto aje akichore mahali pake.

Kisha toa kifuu. Kifuu kilichokatwa nusu, kikiwekwa mdomo wake ukiwa juu, kitaelea. Waache watoto watie kokoto ndani yake moja moja huku wakihesabu kwa sauti, mpaka kizame. Hiyo ni hisabati, na hutahitaji kuwaambia kwamba ni hisabati. Baada ya hapo chukua kipande kidogo cha kifuu kilichovunjika, waulize, kisha ukizamishe kwa kidole na kukiachia. Kitakwenda chini. Watoto watashangaa, kwa kuwa kifuu kizima kilielea na kipande chake, ambacho ni chepesi zaidi, kimezama. Wengi wao tayari watakuwa wamekwisha kukuambia kwamba vizito huzama na vyepesi huelea. Wakati huo huo tia nazi kavu nzima yenye makumbi yake, ambayo mtoto anaibeba kwa mikono miwili, nayo itaelea. Usitoe maelezo. Waulize wanaonaje, nyamaza, na uwape muda wa kutosha wa kufikiri. Utasikia majibu ambayo hukuyatarajia: mmoja atasema kifuu kina tumbo, mwingine atasema ndani ya nazi kuna hewa, na mtoto wa mvuvi huenda akakueleza habari za ngalawa ya baba yake inayokaa juu ya maji ingawa watu wanne wanashindwa kuinyanyua. Majibu hayo yote yana ukweli ndani yake. Mwalimu anayekimbilia kusahihisha anaufunga mdomo wa mtoto ambaye alikuwa ameanza kufikiri. Mkimaliza, wape udongo wa mfinyanzi wautengeneze donge, walione likizama, halafu waulize kama wanaweza kuufanya udongo ule ule uelee. Usiwaonyeshe. Atatokea mmoja atakayeukandamiza uwe kama bakuli, na wenzake watajifunza kwake.

Siku zilizobaki zinaweza kwenda kwa wepesi zaidi. Siku moja wajaribu kipi kinanyonya maji, kati ya kitambaa, karatasi, makumbi, plastiki na jani la mgomba. Siku nyingine mwaga maji kidogo kwenye sakafu ya saruji asubuhi, uwape chaki wazungushie dimbwi lile mstari, na kila baada ya kipindi warudi kuzungushia mstari mpya ndani ya ule wa zamani, mpaka waone wenyewe kwamba dimbwi linapungua ingawa hakuna aliyelifuta. Ijumaa ongelea maji ya bomba la shule yanatoka wapi. Maji ya Tanga mjini yanatoka katika Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya milima ya Usambara Mashariki upande wa Amani, nayo hukusanywa katika bwawa la Mabayani kabla ya kusafishwa na kuletwa mjini. Watoto wajenge safari hiyo mchangani: kilima, mto, bwawa, na mirija ya mpapai kuwa mabomba. Wamimine maji juu ya kilima na kuyafuata kwa macho mpaka yafike mjini.

Usiwape mtihani mwishoni. Kuwa na daftari, na kila siku andika sentensi tatu au nne walizozisema watoto kama walivyozisema. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litakuonyesha nani ameanza kukisia kwa sababu, na nani bado anafuata tu sauti za wenzake.

Asalaam aleykum. Mwanangu wa miaka minne na nusu anasoma chekechea hapa Chumbageni. Wiki hizi anarudi nyumbani nguo zimelowa, na nikimuuliza alichosoma anasema walikuwa wanamimina maji. Ninalipa ada ajifunze kusoma na kuhesabu. Je, hii ni elimu? Tena nahofia atapata mafua.
*Mzazi, Chumbageni, Tanga*

Waaleykum salaam, mzazi mwenzetu. Wasiwasi wako ni wa haki, na mwalimu alipaswa kukueleza mapema anachokifanya. Nitaanza na mafua kwa kuwa ndiyo mepesi: mafua huletwa na virusi ambavyo watu huambukizana, na nguo yenye maji haina virusi hivyo. Hata hivyo si vizuri mtoto akae na nguo iliyolowa asubuhi nzima, kwa hiyo mwekee nguo ya kubadili katika mfuko wake na umwombe mwalimu awavalishe watoto vizuizi vya plastiki kifuani, ambavyo hukatwa kwa urahisi kutokana na mifuko mikubwa ya nafaka.

Kuhusu elimu, ningependa ujaribu jambo moja nyumbani jioni hii. Chukua bilauri mbili zinazofanana, uzijaze maji sawasawa, na mwanao akubali kwamba ziko sawa. Kisha mbele ya macho yake mimina bilauri moja ndani ya chupa nyembamba ndefu, umuulize ni wapi kuna maji mengi. Ana uwezekano mkubwa wa kukuonyesha chupa, kwa kuwa maji yamepanda juu. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget, aliyefariki mwaka 1980, aliwachunguza watoto kwa njia hiyo hiyo, akaonyesha kwamba watoto wengi hawaoni kuwa kiasi cha maji hakijabadilika mpaka wanapokaribia umri wa miaka saba. Huo si upungufu wa akili, ni hatua ya ukuaji. Mtoto ambaye bado anadhani kiasi hubadilika kwa kubadilisha chombo atakariri namba hadi mia na asijue namba hizo zinahesabu nini. Kumimina, kujaza, kupunguza na kulinganisha ndiyo kazi inayomvusha hatua hiyo, na mkono unaojifunza kumimina bila kumwaga ndio mkono utakaoshika penseli bila kuchoka. Kwa hiyo anasoma, tena anasoma sana.

Ukitaka kumsaidia mwalimu, mruhusu mwanao akusaidie kazi za maji nyumbani: apime maji ya wali kwa kikombe, amwagilie mchicha, aoshe vikombe vya plastiki. Ikiwa anakwenda madrasa na ameanza kufundishwa kutawadha, mwonyeshe jinsi birika dogo linavyotosha viungo vyote likitumiwa kwa utaratibu. Lakini kuna tahadhari moja ambayo naiomba isichukuliwe kwa wepesi. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita tano tu, kwa kuwa akianguka kichwa mbele ndani ya ndoo hawezi kujiinua. Ndoo, pipa na kisima cha nyumbani vifunikwe, na mtoto asiachwe peke yake penye maji hata kwa muda wa kwenda kupokea simu.

Mwalimu, shikamoo. Nilisoma mahali kwamba yai huelea katika maji ya chumvi. Kwa kuwa shule yetu iko karibu na bahari, nilichota maji ya bahari na kutia yai mbele ya watoto, nalo likazama moja kwa moja. Watoto walicheka, na mimi sikuwa na la kuwaeleza. Tatizo lilikuwa yai au bahari?
*Mwalimu wa chekechea, Pangani*

Marahaba. Yai lako lilikuwa zima na bahari haina kosa. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na kiasi hicho, ingawa kinatosha kuyafanya yasinyweke, hakitoshi kulibeba yai. Yai jipya ni zito kuliko maji ya bahari ya ujazo ule ule, kwa hiyo lazima lizame. Ili lielee unahitaji maji yenye chumvi zaidi ya mara tatu ya ile ya bahari.

Fanya hivi. Chukua jagi mbili zinazoonyesha ndani, au chupa kubwa za plastiki zilizokatwa juu, na katika kila moja tia nusu lita ya maji ya bomba. Jagi la kwanza liache kama lilivyo. Katika la pili tia chumvi ya jikoni vijiko vinne vya chakula vilivyojaa, ukoroge mpaka iyeyuke yote, kisha ujaribu yai. Likibaki chini au likisitasita katikati, ongeza kijiko kimoja kimoja mpaka linyanyuke. Fanya jaribio hilo peke yako siku moja kabla, kwa sababu chumvi ya mawe na chumvi laini hazijazi kijiko kwa uzito mmoja. Hakikisha yai ni jipya, kwani yai lililokaa siku nyingi hujaa hewa ndani na huelea hata katika maji matupu, jambo ambalo mama zetu wamelitumia tangu zamani kulitambua yai bovu. Ikiwa mayai ni ghali kwenu, kipande cha kiazi mviringo kitafanya kazi ile ile, nacho hakivunjiki mikononi mwa watoto.

Ningekushauri usiyatupe maji ya bahari. Yaweke yawe jagi la tatu, katikati ya yale mawili, na watoto wakisie yai litafanya nini katika kila moja. Kule kuzama kulikokutahayarisha sasa kutakuwa sehemu ya somo: bahari yetu ina chumvi, ila kuna maji yenye chumvi kuliko bahari. Ukipenda kuwafurahisha zaidi, mimina maji matupu polepole sana juu ya yale yenye chumvi nyingi, ukiyapitisha mgongoni mwa kijiko ili yasichanganyike. Yai litakaa katikati ya jagi, juu ya maji mazito na chini ya maji mepesi, na hapo hutasikia kicheko.

Watoto wasionje maji ya bahari wala maji ya jagi lile. Wakitaka kujua ladha, punje chache za chumvi kwenye kikombe cha maji ya kunywa zinatosha.

Mwalimu, habari za kazi. Tungependa kuwapeleka watoto wetu ufukweni Raskazone wakaone maji kupwa na kujaa. Mwalimu mkuu anasita kwa ajili ya usalama. Tupange vipi safari hiyo?
*Walimu wawili wa awali, Tanga mjini*

Mwalimu mkuu ana haki ya kusita, nanyi mna haki ya kuomba, kwa sababu mtoto wa Tanga ambaye hajafundishwa kuitazama bahari amenyimwa kitabu kilicho wazi mlangoni kwake. Mpelekeeni mpango ulioandikwa, wenye saa, idadi ya watu wazima na mipaka, badala ya ombi la mdomo.

Saa ndiyo jambo kubwa kuliko yote. Nendeni maji yanapokupwa, msiende yanapojaa, kwa maana maji yanayopwa yanamkimbia mtoto na maji yanayojaa yanamfuata. Tena, maji hayaendi kwa kasi moja kutoka mwanzo hadi mwisho: huanza polepole, hushika kasi katika saa ya tatu na ya nne, kisha hutulia tena. Mtoto wa miaka mitano hana subira ya kusubiri maji yanayokwenda polepole, hivyo mlenge muda wa kasi. Chagueni siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo tofauti kati ya maji makubwa na maji madogo katika pwani yetu huzidi mita tatu. Siku za maji mafu, yaani zile ambazo tofauti hiyo ni ndogo, hamtaona mengi. Katika mwambao wetu bamvua hujaa kwenye alfajiri na kupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi au baadaye kidogo, kwa hiyo mkifika ufukweni kabla ya saa mbili mtayakuta yangali yanakwenda. Thibitisheni na wavuvi siku moja kabla, kwani kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia, na safari ikiahirishwa kwa siku tatu saa zote zinakuwa zimebadilika.

Mkiwa pale, shughuli iwe moja. Kila kundi la watoto watano liwe na mtu mzima mmoja na vijiti vyake. Wachomeke kijiti cha kwanza mchangani palipo na ukingo wa maji, wakae chini, wasikilize hadithi fupi au waimbe, kisha warudi. Maji yameondoka kijitini. Wachomeke cha pili kwenye ukingo mpya. Baada ya vijiti vinne au vitano, watoto watakuwa wameandika mwendo wa bahari kwa mkono wao, na wanaweza kupima kwa hatua umbali kati ya kijiti na kijiti. Waulizeni maji yamekwenda wapi, na myapokee majibu yao. Habari za mwezi kuyavuta maji ziachwe hadi watakapokuwa wakubwa, kwa sababu katika umri huu mtoto atazikariri bila kuona chochote. Kinachomfaa sasa ni kujua kwamba maji huondoka na kurudi, na kwamba kuna watu wanaojua saa zake.

Kwa hiyo mwalikeni mzee mvuvi, awe babu wa mmoja wa watoto ikiwezekana, akae nao dakika kumi awaambie anavyojua wakati wa kushusha ngalawa. Nimeona watoto wakimsikiliza mzee wa aina hiyo kwa utulivu ambao mwalimu huutafuta wiki nzima.

Mipaka iwe hivi: hakuna anayeingia majini kupita vifundoni, hakuna anayeokota kiumbe chochote bila mwalimu kukiona kwanza, na wote wavae viatu vya kufunga kwa ajili ya miiba, makombe na vioo. Epukeni penye matope ya mikoko na penye vyombo vinavyoshushwa. Pelekeni maji ya kunywa ya kutosha, kofia na daftari la majina la kuwahesabia watoto, na muwe mmeondoka kabla maji hayajaanza kugeuka. Barua za ruhusa za wazazi zirudi zikiwa zimesainiwa. Mtoto ambaye barua yake haikurudi abaki shuleni na mwalimu mwingine, hata akilia.

Mwalimu, shikamoo. Katika darasa langu kuna mtoto anayelia kila akiona beseni la maji. Wenzake wameanza kumcheka. Nimlazimishe taratibu?
*Mwalimu wa chekechea, Muheza*

Marahaba. Usimlazimishe hata taratibu. Zungumza kwanza na mama yake au bibi yake, kwani mara nyingi kuna sababu: huenda aliwahi kuteleza kisimani, kuunguzwa na maji ya moto, au kuogeshwa kwa nguvu. Mpe kazi ya heshima iliyo kando ya maji, kama kushika sinia ya vitu au kuchora ubaoni kilichoelea. Baadaye mwekee kikombe kimoja tu cha maji na brashi kuukuu, apake maji ukutani penye jua na kutazama yakikauka. Akiona kwamba maji yanamtii, atasogea mwenyewe, iwe wiki hii au mwezi ujao. Wanaomcheka uwasimamishe pale pale, siku ile ile, kwa maneno machache na bila kuwaaibisha.

Mwalimu, habari. Shule yetu haina bomba. Karibu yake kuna bwawa dogo ambalo watu huchota maji ya kufyatulia matofali. Je, tunaweza kuyatumia kwa michezo ya watoto?
*Mwalimu wa awali, Korogwe*

Hapana, mwalimu. Maji baridi yaliyotuama yenye majani na konokono ndiyo maskani ya kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtoto aliyetia mikono tu, bila hata kuyanywa. Tumieni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, au ya kisima kilichofunikwa, na kama ni machache, lita tano kwa beseni moja zinawezesha shughuli karibu zote nilizozitaja hapo juu. Watoto wanawe kwa sabuni kabla na baada, kwa kibuyu chirizi ambacho mnaweza kukitengeneza kwa dumu dogo, kamba na kijiti cha kukanyagia. Maji ya kunywa yakae mbali na kona ya maji, katika chombo chenye mfuniko na koki, yakiwa yamechemshwa au kutiwa dawa.

Jambo la mwisho ni vyombo vyenyewe. Mbu wa homa ya dengue hupenda maji safi yaliyosahauliwa katika makopo na vifuu, na mayai yake hunata kwenye kuta za chombo hata maji yakishamwagwa. Kila Ijumaa kabla ya kufunga darasa, watoto wamwage maji yote, wewe uvisugue vyombo kwa ndani, na vifuu na makopo yalale kifudifudi mpaka Jumatatu.